Mtoto wa Pili wa Muuguzi

Kabla mtoto yeyote hajavua viatu, Mwalimu alikuwa ameshautambaa ukumbi mzima kwa magoti. Alipitisha vidole kwenye kila kiungo cha mikeka ya sponji akitafuta upenyo, hata mdogo tu, ambao kidole cha mguu kingeweza kunasa. Akifika mwisho, anarudia. Kisha anakagua kucha za watoto mmoja mmoja, anawavua hereni, anavuta mishono ya makoti yao mabegani kuona kama inashika. Mishono aliijua, maana mchana alikuwa fundi cherehani wa sare za shule. Judo alifundisha jioni, Jumatatu na Alhamisi, katika ukumbi wa kupanga nyuma ya karakana ya kuchomelea vyuma. Watoto walikuwa kumi na wanne, mkubwa wao ana miaka kumi na miwili.

Walimwita Mwalimu Taratibu, kwa kuwa neno hilo halikumbanduka mdomoni. Mume wake, fundi wa mafriji na mtu wa utani, alimwambia, "Kwa woga huu, mke wangu, ungefundisha drafti."

Mwalimu hakucheka. Hakuzaliwa mwoga. Miaka sita nyuma darasa lake lilikuwa la vurumai, watoto wakipambana huru na yeye akishangilia kuliko wao. Jioni moja msichana wa miaka tisa alitupwa, akanyoosha mkono wa kushoto kujizuia, na uzito wake wote ukaangukia kiwiko. Wakati huo Mwalimu alikuwa ameinama pembeni, anamfunga mtoto mwingine mkanda. Hakuona kitu. Alisikia tu, kama kijiti kinachovunjwa ndani ya taulo.

Mama wa yule msichana alikuwa muuguzi wa chumba cha plasta hospitalini, na mkono wa mwanawe aliufunga mwenyewe. Siku ya tatu Mwalimu alikwenda kuwaona. Alifika mpaka kwenye korido, akamwona muuguzi kwa nyuma akichovya bendeji kwenye beseni, na miguu ikakataa kwenda mbele. Aliacha mfuko wa machungwa kwenye benchi, akarudi alikotoka. Hakwenda tena.

Darasa alilifunga mwaka mzima. Alipolifungua, hakutaka kusikia habari ya mapambano. Alifundisha kata peke yake.

"Mwalimu, tunakata nini?" mtoto mmoja aliuliza siku ya kwanza, na wenzake wakaangua kicheko.

"Tunakata kiherehere," Mwalimu alijibu. "Simama vizuri."

Kata ni mazoezi ya watu wawili yenye hatua zilizopangwa. Wanainamiana, wanakaribiana, wanashikana ukosi na mkono wa koti. Mmoja ni mtupaji, mwenzake ni mpokeaji. Mtupaji anavuta, mpokeaji anapoteza mizani, mtupaji anageuka na kuingiza nyonga, na mpokeaji anapaa juu yake na kuanguka: mkono wa kulia umeshikwa na mwenzake, wa kushoto unapiga mkeka, pa! Baada ya hapo wanabadilishana. Kila mmoja anajua kinachokuja, na hilo ndilo Mwalimu alilolipenda. Aliona kwamba jambo linalojulikana haliwezi kumvizia mtu.

Kwa miaka mitano halikumvizia. Kisha, Jumatatu moja, muuguzi akasimama mlangoni, kamshika mkono mtoto wa kike wa miaka kumi.

Mwalimu aliinuka kwenye mkeka. Walisalimiana kama watu wanaopita pembeni ya shimo.

"Nimekuletea huyu," muuguzi alisema. "Mdogo wake na yule."

"Dada, una hakika? Maana mimi..."

"Nina hakika. Huyu nyumbani anajirusha kutoka juu ya kabati. Bora afundishwe kuanguka kuliko niendelee kumwokota."

Mtoto mwenyewe alikuwa ameshaingia ndani, anauliza mikeka imenunuliwa wapi, kwa nini ni ya bluu, nani anaifua. Kabla wiki haijaisha wenzake walimbatiza jina Chiriku, kwa jinsi alivyokuwa hanyamazi.

Tangu siku ile Mwalimu hakupata usingizi wa kueleweka. Akikata kitambaa dukani, anaona kiwiko. Mara mbili alishona mfuko wa kaptula kinyume. Darasani macho yake yalimwandama Chiriku hata wengine wakabaki yatima. Wenzake walipofika wiki ya sita, walikuwa wanatupana wakiwa wamesimama. Chiriku alikuwa bado anaanguka kutoka magotini.

"Mwalimu, kwani mimi nina ugonjwa?"

"Huna. Taratibu."

"Lakini naweza. Juzi nilianguka kitandani mara ishirini, nikapiga godoro mpaka mama akagonga ukuta."

Mwishowe ilibidi amruhusu, kwa sababu mtihani wa mkanda wa njano ulibaki mwezi na nusu, na mtahini wa chama cha judo hakubali mtu aliyepiga magoti. Lakini kila Chiriku alipokuwa mpokeaji, Mwalimu alisimama ubavuni, mkono umenyooshwa chini ya mgongo wa mtoto kama anayesubiri embe lidondoke. Chiriku akaanza kuusikiliza mkono ule badala ya kumsikiliza mwenzake. Mwili wake, uliokuja laini kama kamba, ukaanza kukakamaa.

Yaliyotokea yalitokea Alhamisi. Mtupaji alikuwa msichana mnene, mpole, mwenye mguu imara kuliko wote. Alivuta sawasawa, akageuka sawasawa. Chiriku akapaa. Hakukuwa na kosa lolote. Hapo Mwalimu, kabla hajajua anafanya nini, akamdaka mkanda akiwa hewani.

Mwili wa mtoto ukapinda. Badala ya mgongo akaja na bega, kidevu kikagonga mkeka, na damu ikatoka mdomoni. Nyuma ya ukuta mashine ya kuchomelea iliendelea kunguruma.

Chiriku aliketi, akagusa ulimi, akaitazama damu kwenye kidole. Hakulia. Alimgeukia Mwalimu.

"Mbona umenishika?"

Mwalimu alikimbilia kikombe. Alimpelekea maji asukutue.

Muuguzi alikuja saa ya kuwachukua watoto. Alipiga magoti, akambonyezabonyeza mwanawe bega, akauzungusha mkono, akamwambia atoe ulimi. "Ameuma ulimi. Bega zima," alisema. Halafu akainua macho. "Imekuwaje?"

Watoto kumi na watatu walikuwa wanafunga viatu, masikio wazi. Maneno "ameanguka vibaya" yalikuwa tayari kwenye ncha ya ulimi wa Mwalimu. Yangepita kirahisi; nani hajui kwamba watoto huanguka vibaya? Alimwona yule mnene amesimama na soksi moja, uso umemshuka, anasubiri kusikia kama kosa litakuwa lake.

"Ni mimi," Mwalimu alisema. "Wenzake hawana kosa. Nilimshika akiwa hewani."

"Kwa nini?"

"Niliogopa."

Muuguzi alimfuta mtoto kidevu ambacho kilikuwa kimeshakuwa safi. Kisha akauliza kwa sauti ya chini, "Yale machungwa yalikuwa yako, siyo?"

Mwalimu alitikisa kichwa kukubali.

"Nilijua. Nilikuona unavyoondoka." Alisimama, akachukua mkoba wa mtoto. "Kiwiko nilikwisha kukisamehe, mwalimu. Watoto huvunjika, mimi nawafunga kila siku. Lakini mwanangu aliniuliza wiki nzima mwalimu wake yuko wapi, nikakosa la kumwambia. Hilo ndilo lililonikaa rohoni."

Usiku ule Mwalimu alimweleza mumewe yote. Safari hii mumewe hakutania. Alisema tu, "Nyumba yao unaijua. Jumamosi hushoni."

Jumamosi alikwenda mikono mitupu. Kwenye ngazi alisimama mara tatu. Aliyefungua mlango alikuwa yule msichana mwenyewe, sasa na miaka kumi na mitano, mwembamba, kampita Mwalimu kwa kimo. Mkono wa kushoto ulining'inia umepinda kidogo, kama wa mtu aliyebeba kikapu kisichoonekana.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, mwanangu." Alikuwa ameandaa maneno njia nzima, yote yakapotea. "Nimekuja kukuomba radhi. Si kwa mkono peke yake. Kwa kutokuja."

Msichana aliangalia sakafu. "Mimi nilidhani umenikasirikia," alisema. "Kwa sababu ulituambia tusinyooshe mkono, nami nikanyoosha."

Mwalimu alimsogelea. Miaka sita alikuwa amejibebesha hatia yake peke yake, na hakuwahi kuwaza kwamba mtoto naye alikuwa amejibebesha ya kwake. "Hapana," alisema. "Hapana, mwanangu. Haikuwa hivyo hata siku moja."

Walimkaribisha ndani. Chiriku alitokeza kutoka chumbani, akaeleza bila kuulizwa kwamba dada yake ndiye anayemfanyisha mazoezi ya kata juu ya godoro, kwamba hatua zote anazikumbuka, na kwamba ana wazo. Dada mtu akamfinya. Wazo likatoka hivyo hivyo: dada awe mwenzake siku ya mtihani.

Mwalimu alimtazama muuguzi, akitumaini kwa moyo wote kwamba atakataa.

"Mfupa umepona zamani," muuguzi alisema. "Haunyooki tu. Apige mkeka kwa mkono mzima kuanzia begani, asitangulize kiganja. Hilo wewe ndiye wa kumfundisha, si mimi."

Kwa hiyo wakaanza. Dada alirudi kwenye magoti kama mwanafunzi mpya, akapiga mkeka mara mia, mara mia mbili, mpaka ngozi ya mkono ikawa nyekundu. Mwalimu alijiwekea sharti: kata ikianza, yeye anatoka kwenye mikeka na kusimama sakafuni, mikono mgongoni, kidole cha mkono mmoja kimeshikwa na mkono mwingine. Ilikuwa kazi ngumu kuliko kutupa. Lakini aliona pia alichokuwa hakioni alipokuwa ubavuni: jinsi mtupaji anavyovuta mkono wa koti wakati mwenzake anashuka, ili asigonge kwa nguvu. Watoto walikuwa wanachungana. Yeye ndiye alikuwa ameingia katikati.

Siku ya mtihani alitambaa ukumbini mara nne. Mtahini alikuwa mzee mkavu mwenye miwani, hakutabasamu hata alipopewa kiti kizuri. Wazazi walijipanga ukutani. Muuguzi alifika na sare zake za kazi, akasimama karibu na mlango.

Chiriku na dada yake waliitwa wa tano. Waliinamiana. Kwanza mkubwa alimtupa mdogo, na Chiriku alianguka kwa raha, kama anayejitupa kutoka kabatini. Kisha zamu ikageuka. Chiriku alivuta, akageuka, lakini mguu wa nyuma ukachelewa, na dada yake akakwama juu ya nyonga yake, miguu yote miwili hewani, kama gunia lililoning'inizwa.

Unyayo wa Mwalimu ulikanyaga mkeka. Aliuona mkono ule wa kushoto umebaki hewani, umepinda, hauna pa kushika. "Taratibu" lilimfika mdomoni, neno moja ambalo lingetosha kuwashtua wote wawili. Alilimeza. Akaurudisha mguu sakafuni.

"Pumua," dada alisikika akinong'ona, kichwa chini. "Mguu wako. Usogeze."

Chiriku akasogeza mguu. Akavuta mkono wa koti kwa nguvu zake zote, na dada yake akazunguka na kushuka. Mkono uliopinda ulipiga mkeka kuanzia begani, pa! Kishindo kilisikika mpaka karakanani. Dada alilala chali, akitazama dari, halafu akacheka peke yake.

Mtahini aliandika kwa muda ambao kwa Mwalimu ulikuwa mwezi mzima. "Umesimama katikati ya hatua," alimwambia Chiriku. "Nimekukata alama mbili. Mkanda umepata." Kisha akamgeukia dada. "Wewe hujasajiliwa. Siwezi kukupa kitu. Jisajili."

Mwalimu alitoka nje, akaketi juu ya mtungi mtupu wa gesi kwenye uwanja wa karakana, akatapika maji matupu. Muuguzi alimfuata, akamshika paji la uso kama mgonjwa wake.

"Umekula leo?"

"Sijala tangu jana."

"Na ungekula nini, na hali hiyo." Alimpa leso. "Alhamisi uko darasani?"

"Nipo."

Alhamisi dada alikuja na fomu ya usajili, na koti la kuazima lililokuwa kubwa. Watoto walipokwisha kuondoka, Mwalimu alimsimamisha chini ya taa, akatoa futi ya kupimia, akabana pini mdomoni, akampima mikono yote miwili. Kwa kuwa wa kushoto haukunyooka, kitambaa kilimfunika kiganja. Alikunja pindo vidole viwili, akapiga pini, akamwambia ainue mkono, aushushe, auinue tena.

"Unabana?"

"Haubani."

"Pinda kiwiko."

Alikipinda. Mwalimu alisogeza pini moja kidogo juu, akarudi nyuma hatua moja kuangalia, na kumwambia avue taratibu asijichome.