Cherehani na Riwaya ya Miaka Kumi na Mmoja

Pale mahakamani walimwita Cherehani, na jina lilimkaa barabara. Ukipita koridoni ukasikia mlio wa tatatata usio na pumzi, ulijua yule mama mwembamba wa chumba namba nne anachapa mwenendo wa kesi. Vidole vyake vilikimbia kuliko midomo ya mawakili. Hakimu mmoja alipenda kutania kwamba hukumu zake huchapwa kabla yeye mwenyewe hajaamua.

Kwa hiyo watu walishika vichwa waliposikia kwamba mwanamke huyohuyo anaandika riwaya, na kwamba mwaka wa sita umemkuta bado yuko sura ya nne.

Aliiandika kwa penseli, katika daftari gumu la mistari. Saa ya chakula, wenzake wakishashuka chini, alisogeza kiti dirishani, akala haraka alichobeba, kisha akaandika sentensi mbili tatu. Siku nyingine alifuta tatu, akaandika moja, na akarudi kazini uso umemkunjuka kama mtu aliyevuna gunia.

Riwaya yenyewe ilimhusu mwanamke ambaye asubuhi moja anafunga mlango, anamwachia jirani ufunguo, na kuondoka. Wanawe wako shule, mume yuko kazini. Cherehani alijua gauni alilovaa, alijua hata kiatu kipi kilikuwa kinambana. Asichokijua ni kwa nini anaondoka. Hapo ndipo penseli ilipokwama.

Nyumbani aliishi na shangazi yake, dada mkubwa wa marehemu baba yake, bibi wa miaka themanini na moja ambaye macho yalikuwa yameingia ukungu lakini ulimi ulikuwa bado na makali. Kila Jumapili asubuhi shangazi alikaa jikoni akimenya vitunguu saumu kwa kupapasa, naye Cherehani akamsomea alichoandika wiki ile. Mara nyingi haikufika hata nusu ukurasa.

"Ndicho hicho tu?"

"Ndicho hicho, shangazi."

"Haya. Kisome tena."

Sasa, katika ofisi ya chini palikuwa na karani wa masjala, bwana wa makamo, mcheshi, ambaye naye alikuwa mwandishi. Yeye alitoa vitabu vitatu kwa mwaka, vyembamba, vyenye majambazi na wanawake wazuri jaladani. Hakuwa mtu mbaya hata kidogo. Ila alikuwa na huruma ya wale wasioweza kukuona umekaa bila kukusukuma.

"Dada Cherehani," alimwuliza siku moja ngazini, "yule mama wa riwaya yako ameshafika wapi?"

"Yuko kituoni. Anasubiri basi."

"Mwaka wa pili huu anasubiri basi! Basi gani hilo, la mbao? Una mikono ya umeme, dada yangu, lakini akili umeifunga breki. Chukua likizo, maliza kitabu. Na huyo shangazi unayemsomea, kwa umri ule, unadhani atakungoja?"

Maneno mengine yote yalimpita. Hilo la mwisho lilimchoma.

Akaomba likizo ya siku ishirini na nane. Daftari akalitia kwenye droo, akaazima kompyuta, akaiweka juu ya meza ya kulia. Tatatata, asubuhi hadi alasiri, kurasa nane kwa siku.

"Umetuhamishia mahakama nyumbani?" shangazi aliuliza kutoka jikoni.

"Vumilia, shangazi. Safari hii namaliza."

Na kweli akamaliza. Kurasa mia mbili na ishirini. Akamsomea shangazi kwa siku tatu mfululizo, sauti ikimkauka. Shangazi alisikiliza bila kutia neno, jambo ambalo halikuwa dalili njema. Siku ya tatu alinyoosha mkono.

"Ngoja. Amekufa?"

"Amekufa, shangazi."

"Kwa nini?"

"Aliugua."

"Ugonjwa gani?"

Cherehani akautazama ukurasa. Palikuwa pameandikwa "ugonjwa wa ghafla."

"Mwanangu," shangazi akasema taratibu, "huyu amekufa kwa sababu likizo yako imeisha."

Cherehani alitaka kukasirika, akashindwa. Alipofunua nyuma alijionea mwenyewe. Kila mtu kwenye kitabu alizungumza kama hati ya kiapo. Ukurasa wa mia moja, mama mkwe aliyeulizwa na wajukuu wake mama yao yuko wapi alijibu, "Nathibitisha kwamba sikumwona siku hiyo."

"Nilitaka uusikie mwisho," alisema, "kabla..."

"Kabla sijafa. Sema tu, hilo si siri. Mimi sikukuomba mwisho, mwanangu, mwisho ninao wangu. Mimi nangoja Jumapili."

Zile kurasa zikaenda kabatini. Daftari likatoka kwenye droo. Watu waliomharakisha wakaanza kumpa pole kwa kumwambia haraka haraka haina baraka, naye akawaitikia tu.

Ikapita karibu miezi minane. Siku moja mahakamani alisimama shahidi, mama wa makamo, katika shauri la talaka. Wakili akamwuliza kwa nini aliwahi kuondoka kwake mwaka mzima wakati hakupigwa wala hakunyimwa kitu. Yule mama akanyamaza. Kwa kawaida Cherehani angechapa "Shahidi amenyamaza" na kusubiri neno lingine. Siku hiyo vidole vyake vilibaki hewani. Alimtazama yule mama akihangaika kulitafuta jibu kwa uaminifu, kama mtu anayepapasa swichi katika chumba kigeni.

"Sijui, mheshimiwa," alisema hatimaye. "Ningekuwa najua ningeshasema, tusingefika hapa."

Mchana ule Cherehani hakula. Alikuwa amemtesa mwanamke wake miaka yote hiyo akimdai sababu, kumbe mwenyewe hanayo! Alimwacha akae kituoni. Akamwandikia kile kiti cha saruji, kiatu kinachobana, mabasi mawili aliyoyaacha yapite. Kurasa tisa hizo zilichukua miezi mitano, na hakuzionea uchungu.

Jumapili alipomaliza kuzisoma, shangazi hakusema zirudiwe. Kisu kilikuwa kimetulia mkononi.

"Mimi nami niliwahi kufika kituoni," alisema. "Baba yako alikuwa bado mdogo. Basi likaja, likafungua mlango. Nikalitazama mpaka likaondoka. Nikarudi, nikawasha moto nikapika. Hakuna aliyejua kama nilitoka."

"Kwa nini, shangazi?"

"Na wewe unaniuliza!"

Wakacheka wote wawili, kisha Cherehani akamshika mkono wenye harufu ya vitunguu, wakakaa hivyo.

Shangazi alifariki akiwa na miaka themanini na mitatu, riwaya imebakiza sura mbili. Cherehani hakuandika neno kwa miezi sita. Alipoanza tena, baadhi ya wenzake walidhani sasa atakimbiza, maana limeshatokea alilokuwa akiliogopa. Hakukimbiza. Alizipa sura zile mbili miaka miwili.

Kitabu kilipotoka, mwaka wa kumi na moja, karani wa masjala ndiye aliyekuwa wa kwanza kukinunua. Kesho yake alipanda hadi chumba namba nne, macho mekundu.

"Nimekimaliza kwa siku moja, dada," alisema. "Pale kituoni palinishinda. Ilibidi nikiweke kwanza."

Mhariri naye alipiga simu, amefurahi, akitaka kingine ndani ya mwaka. Cherehani alimwambia ameshaanza.

"Vizuri! Uko ukurasa wa ngapi?"

"Wa tatu."

"Umeanza lini?"

"Mwaka jana," alisema Cherehani, bila haya hata chembe, "lakini huo wa tatu ungali unanisumbua, kwa hiyo usiuhesabu."