Mpatanishi wa Serowe: Kazi ya Kukaa Kati ya Mzazi na Shule

Saa mbili asubuhi, baridi ya Juni ikiwa bado imeung'ang'ania mji wa Serowe, Botswana, Boitshepo Ramotlhwa anavuta kiti chake katikati ya ofisi ya mwalimu mkuu. Kulia kwake yupo Mma Larona, yaani mama yake Larona, mkoba ameukumbatia kifuani. Kushoto yupo mwalimu mkuu, Rra, yaani Bwana, Modukanele, ambaye hajamtazama mama huyo tangu aingie.

"Leo hakuna wa kushinda," Boitshepo anawaambia. "Anayetaka ushindi aende uwanja wa mpira."

Hakuna anayecheka.

Boitshepo, 46, anafanya kazi ofisi ya elimu. Husuluhisha wazazi na shule wanapogombana juu ya watoto wenye usonji. Shule kumi na tisa zinamtegemea yeye peke yake, na nyingine huzifikia kwa kuomba lifti kwenye malori ya ng'ombe.

Alikuwa mwalimu. Aliiomba kazi hii kwa ajili ya kaka yake, Thuso, mwenye usonji, aliyeachishwa shule wazazi wao walipokorofishana na walimu. "Kila upande ulingoja mwenzake aanze kuongea," anasema. "Thuso akakua huku wanangojana."

Larona, binti wa miaka minane asiyeongea, alitoka mbio darasani kengele ilipolia, akaishia barabarani. Shule ikataka apelekwe bweni la elimu maalumu mji mwingine. Mama akakataa, akamweka nyumbani.

"Mwanangu akiumizwa huko, atamwambia nani?" anauliza mama.

"Na akigongwa na gari hapa, Mma, utamlaumu nani?" mwalimu mkuu anamjibu.

Boitshepo anamgeukia mwalimu mkuu. "Rra, siku ile nani alimfuata mtoto?"

Mwalimu mkuu anavua miwani. "Mimi. Nilimshika shati, lori likafunga breki mbele yetu. Mpaka leo kengele ikilia, mimi huchungulia lango."

Mma Larona anamgeukia. "Mimi niliambiwa tu katoroka. Mbona hukunieleza, Rra?"

"Ungenisikia wapi, Mma? Ulikuwa unanifokea mpaka wapishi wakatoka jikoni."

Mama anajikuta akicheka, huku anafuta machozi. Mkoba anauweka sakafuni.

Kuanzia hapo mazungumzo yanakwenda. Kengele itaachwa, walimu watawaita watoto kwa mkono. Lango litafungwa. Larona atarudi kwa nusu siku, shangazi yake akikaa naye darasani mpaka msaidizi apatikane. Muhula ukiisha, watakutana tena.

Boitshepo anatoka nje, anashusha pumzi ndefu. Anapanga kumfundisha mzazi mmoja na mwalimu mmoja katika kila shule wafanye kazi hii wenyewe. "Mimi huitwa watu wakishachukiana. Natamani waanze kuongea mapema."

Jumatatu adhuhuri, siku Larona aliporudi shuleni, simu yake inaita. Ni Mma Larona.

"Ameziba masikio mara moja tu," anasema. "Halafu amekula uji wake wote, na hataki kurudi nyumbani."