Raba za Mashindano

Juzi tulijazana kwa fundi wa televisheni hapa Machakos kutazama mbio. Fundi akamtania mzee aliyekuja na mkewe: "Mzee, nyinyi wa zamani hamngewashika hawa."

"Hawa wako na viatu. Sisi tulikimbia miguu tupu."

Mkewe akacheka. "Si ulipewa raba mpya?"

"Nilizitoa mbio zikianza, zisiharibike."

"Na ukawa nambari ngapi?" fundi akauliza.

"Ya pili," mzee akasema, akiinamia miguu yake.

Mkewe akamwekea mkono begani. "Kesho yake akakuja kwetu Kola kuniposa. Raba nyeupe pe!"

Wakimbiaji wa leo wana kasi zaidi, sibishi. Lakini mzee alijua ni mbio zipi za kuvalia viatu.