Triko la Mafundo

Tuliporudi Nyabiondo baada ya kukimbia vita, sokoni hakukuwa na uzi. Mimba yangu ilikuwa ya miezi minane, na baridi ya milima yetu haimngoji mtoto akue. Nikaamua kufumua triko langu la pekee, sweta la sufu la dukani, nimfumie mtoto lake. Jirani yangu, mama muuza maziwa, ndiye aliyejua kufuma kwa spoki za baiskeli. Akanionya: “Mama, angalia kwanza mushono ya pembeni. Kama mashini ilikata pale, uzi itatoka vipande tu.”

Mimi na sekondari yangu nifundishwe kuvuta uzi? Nikavuta. Ulipokatika nikadhani nimetumia nguvu nyingi, nikavuta polepole. Nilipofika kwapani, vipande vimejaa beseni, kila kimoja urefu wa mkono, ndipo nikaamini.

“Diplome njo hii?” Jirani alicheka mpaka akakaa chini, kisha akaanza kuviunganisha nami. Tulifunga mafundo siku tano, naye akafuma, mafundo yote yakibaki nje yasimkwaruze mtoto.

Binti yangu alizaliwa juma lililofuata, akalala humo bila kutetemeka. Mimi, kwa kukosa triko, nilikaa kando ya moto mwezi mzima, na watu wakanionea huruma, wakisema nimejinyima kwa ajili ya mtoto. Sikuwakataza.