Maua Yaliyoota Mtini

Mwaka tuliohamishiwa kijiji cha ujamaa huko Ngenge, mama alichukia kila kitu: upepo, maji, na hasa wanawake wa kigango, waliotuita wageni wa lori. Kisha wakampa yeye zamu ya kupamba altare, sikukuu ya Mama Maria kupalizwa mbinguni. Kiangazi chote kile, hata majani ya mbuzi yalikuwa shida, maua yatoke wapi? Mama aliona wazi anatafutiwa aibu. Akamwambia baba, "Nikiaibika kwenye sikukuu hii, kesho yake narudi kwa wazazi wangu Ijumbi." Mama hakuwa mtu wa kutishia bure, nami niliogopa kweli.

Siku moja kabla tukaingia msitu wa bondeni, sisi watatu, mimi mbele kwa kiherehere changu. Tulizunguka mpaka miguu ikauma. Nikainua macho, na moyo ukanipasuka kwa furaha: juu kabisa, kwenye magome ya mti, yameota maua meupe, vichala kwa vichala, mizizi inaning'inia hewani. Nilipiga kelele mpaka ndege wakaruka. Miaka mingi baadaye ndipo nikajua yanaitwa okidi.

Baba alikuwa mkulima wa kahawa hasa. Kwake, chochote kilichoota juu ya mti ni mnyonyaji, na dawa yake ni panga. Akapanda, na kabla hatujasema neno akakwangua tawi zima kama anayesafisha mibuni. Maua yakatuangukia vichwani, yamepondeka.

"Baba watoto," mama akasema, "unanimaliza."

Mimi nilikuwa nimeshaona tawi jingine. Nikarukaruka nikimwonyesha baba, "Tata, lile pale, likate lote, maua usiyaguse." Safari hii akalishusha kwa kamba, taratibu, jasho linamchuruzika.

Kesho yake kanisa lote lilinukia. Misa ilipoisha, yule mwanamke wa kigango aliyegawa zamu akamshika mama mkono. "Dada, umeyatoa wapi?"

Angeweza kuringa. Akasema, "Twendeni niwaonyeshe," wakaondoka kundi zima na vitenge vyao vya sikukuu.

Tukabaki nyumbani mimi na baba, njaa ikatuuma. Baba, Mhaya ambaye maisha yake yote hakuwahi kumenya ndizi kwa kuwa ni kazi ya wanawake, akaketi jikoni akashika kisu. Alimenya vibaya, nusu ya ndizi ikienda na maganda. Ndipo tukasikia wanawake wanarudi, na kicheko cha mama kimewapita wote. Baba akaacha kumenya.

"Unasikia?" akaniambia. "Haendi popote."