Mgeni Aliyekataa Kuvua Glavu

Barua ya posa ililetwa mlango wa mbele, kama adabu inavyotaka, lakini Ersalene Boyce hakuiamini. Aliisoma mara tatu, kisha akaiinua dirishani aone kama kuna neno lililofutwa. Carlisle Haynes, mwalimu wa mji wa Speightstown, alikuwa anamwomba binti yake, Undine, kwa heshima zote. Mama yake Carlisle angekuja Jumapili baada ya ibada.

"Mwenye nia safi haandiki vizuri hivi," Ersalene alimwambia binti yake.

"Mama, ni mwalimu. Ulitaka aandike vibaya?"

"Nilitaka nimwone mama yake kwanza."

Tangu afiwe na mume, Ersalene alikuwa dobi wa nyumba kubwa za wilaya ya Saint Philip. Beseni lake ndilo lililomsomesha Undine mpaka akawa karani wa posta. Lakini akina Haynes walikuwa na nyumba ya mawe na benchi la mbele kanisani. Wakisikia mkwe wao ni mtoto wa dobi, hawatakanyaga tena, na majirani walikwisha kuiona ile barua ikiletwa.

Jumamosi alisukuma mabeseni chini ya kitanda, akafunga pasi zake ndani ya gunia, akaacha madirisha wazi ili harufu ya wanga wa kukazia nguo itoke. Akashusha bilauri kutoka kabati la vioo. Hazikuguswa tangu matanga ya mumewe.

Bi Haynes alifika na kofia ya rangi ya maziwa na glavu nyeupe. Aliketi ukingoni mwa kiti. Alisifu hali ya hewa, akakataa mkate wa nazi, na glavu hakuvua.

Anaogopa nini humu, upele? Ersalene alijisemea, huku akitabasamu.

Kisha mgeni akanyoosha mkono, akashika pindo la pazia, akalisugua polepole kwa vidole viwili.

"Mapazia yako nani anayapiga pasi, Bi Boyce?"

"Kuna mwanamke huja."

Undine alitazama sakafu.

"Anaijua kazi," alisema Bi Haynes. "Ametia nta kidogo kwenye wanga, yang'ae."

Ersalene aligeukia meza. Mwanamke wa nyumba ya mawe ameijulia wapi nta ya madobi? Ameambiwa huyu. Amekuja kunichezea shere sebuleni kwangu. Aliinua jagi la juisi ya rozela kwa haraka, likagonga bilauri, na maji yale mekundu yakamwagika kwenye kitambaa cheupe cha meza, kitambaa cha harusi yake.

Akakamata kitambaa cha mkono asugue.

"Usisugue," alisema Bi Haynes, na tayari alikuwa amesimama. Glavu zilikuwa zimeachwa kitini. "Chumvi iko wapi? Na birika, lichemke sawasawa."

Undine alibaki sebuleni na mdomo wazi. Jikoni, Bi Haynes alikitandaza kitambaa juu ya bakuli, akakikaza, akanyunyizia chumvi, akainua birika mpaka usawa wa bega na kumimina maji membamba kama uzi. Wekundu ulififia. Ersalene hakuwa akitazama doa. Alitazama vifundo vya vidole vya mgeni vilivyovimba, na ngozi ya vidole iliyoliwa na magadi ya kufulia. Ilikuwa kama anatazama mikono yake mwenyewe.

"Bi Haynes," alisema kwa sauti ya chini, "ulikuwa unamfulia nani?"

Birika lilitua mezani.

"Meneja wa shamba la miwa. Miaka kumi na minne, kabla Haynes hajanioa. Carlisle hajui." Akamtazama machoni. "Na huyo mwanamke wako, huja siku gani?"

"Kila siku," alisema Ersalene. "Hulala humu humu."

Bi Haynes alicheka kwa pua, kicheko kifupi. "Basi, niambie. Barua yetu imepokelewa au haijapokelewa?"

"Tuanike kwanza."

Wakatokea mlango wa nyuma, ule ambao mgeni hapitishwi, kila mmoja ameshika pembe zake mbili za kitambaa. Ersalene alijifanya anakaza kamba, kumbe anatazama mgeni atakavyoweka vibanio: kama atabana katikati, kama watu wasiojua wafanyavyo, kitambaa kitaingia alama.

Bi Haynes alibana penye pindo.

"Imepokelewa," alisema Ersalene.