Morani Aliyekufa kwa Kiiraqw

Hhando wa Karatu alikuwa mvivu mwenye sura nzuri, na sijui kama kijiji kinaweza kupewa mzigo mbaya kuliko huo. Alikuwa mrefu, mabega mapana, meno meupe. Ungemwona amesimama kando ya shamba la ujamaa ungedhani ndiye aliyelilima lote. Aliwahi kuwa utingo wa lori akaacha kwa sababu ya vumbi, akawa mpishi wa misheni akafukuzwa kwa sababu ya sukari. Kazi ya kumfaa ilikuwa bado haijafika Karatu.

Mwaka 1976 mkwewe, mzee Bartolomeo, alimkabidhi mtamba wake amchunge. Hhando akamchinja korongoni, akamla pamoja na watu wa malori ya vitunguu waliokuwa wakitoka Mang'ola, kisha ngozi akaitupa nyuma ya nyumba ya jirani yake, Valeriani. Ngozi ikaonekana, wazee wakakaa, na Valeriani, mtu mpole asiyejua kujitetea, akatengwa. Hakuna aliyemwomba moto wala aliyekunywa naye pombe. Mkewe Hyasinta akaacha hata kwenda misa, maana kila benchi alilokalia lilibaki tupu. Kikaoni Hhando alimlilia yule mtamba kuliko mwenye mali. Mimi nasema huko ndiko alikoanzia kuigiza, ila siku hiyo hapakuwa na kamera.

Kamera zilikuja miaka miwili baadaye. Wazungu walifika Ngorongoro na magari saba na mashine ya kutengenezea upepo, kana kwamba ukingo wa kreta una upungufu wa upepo. Katika sinema yao walitaka morani auawe na simba. Mmasai mmoja, Moloimet, akawasikiliza hadi mwisho, akasema, "Mtu hafi kwa mchezo. Tafuteni Mmbulu." Hhando, aliyekuwa amefuata harufu ya jiko lao, akajitokeza. Wakamvika shuka, wakamning'inizia vipande vya ngozi masikioni, na Moloimet akacheka mpaka akakaa chini. "Anashika mkuki kama jembe," alisema. Masikini, hakujua kwamba jembe lenyewe Hhando hakuwahi kulishika hata namna hiyo.

Siku hiyo alikufa mara nne. Mara ya nne mkubwa wa picha akamwambia kupitia mkalimani, "Sasa sema, kwa lugha yako, yale ambayo mtu husema akiwa anakufa."

Hhando akafikiri. Alikuwa amebatizwa na kupata kipaimara, na alifundishwa kwamba mtu anayekufa huungama. Akatazama huku na huku: Wazungu, mkalimani wa Dar, Moloimet. Hakuna aliyejua Kiiraqw, lugha ya Wambulu. Kwa Padre asingethubutu, maana Padre angemwamuru aende kwanza kwa Valeriani. Hapa msamaha ulikuwa rahisi. Basi, amelala nyasini, akayasema yote: mtamba, korongo, malori, ngozi, jirani. Machozi yaliyomtoka yalikuwa ya kweli. Mama aliyempaka rangi usoni naye akalia. Hhando akarudi nyumbani mwili mwepesi, akalala usingizi mzuri.

Angeishia hapo angesalimika, lakini mdomo huponza kichwa. Shambani hakukanyaga tena, eti msanii hutunza mikono. Kilabuni alisimulia sinema, kwenye foleni ya sabuni alisimulia sinema, na kila mwaka simba waliongezeka. Mwaka 1981 Padre, kwa kuchoka kusikia, akaandika barua Ulaya na kuletewa mikanda. "Hhando," akamwambia kwa furaha, "Jumapili baada ya misa, kijiji kizima kitakuona."

Hhando hakula siku tatu. Alimwambia Padre kwamba ile picha ina watu uchi. Padre akasema kijiji kimeshaona watu wakioga. Akaomba augue, ugonjwa ukamkataa. Mwisho akajifariji kwamba Wazungu hawaonyeshi morani bila ngoma, na ngoma zitamfunika sauti.

Jumapili madirisha ya ukumbi wa parokia yakazibwa kwa mablanketi, jenereta likanguruma, na Hhando akawekwa mbele kabisa kwa heshima, kati ya mkewe Antonia na mzee Bartolomeo. Kweli ngoma zilikuwepo, kila mahali, hata alipokuwa anakunywa maji. Simba akatokea, ngoma zikazidi. Hhando akaanza kupumua. Kisha akajiona akianguka, na ngoma zikanyamaza.

Sauti yake ikajaa ukumbini, Kiiraqw safi cha nyumbani. Mwalimu Patrisi, aliyepewa kazi ya kutafsiri yale maandishi ya Kiingereza ya chini, akasoma kwa nguvu: "Ewe Mlima, baba wa mababu zangu, pokea roho..." Halafu naye akasikia kinachosemwa, akanyamaza.

Picha ikaisha na hakuna aliyepiga makofi. Valeriani, aliyekuwa amesimama mlangoni kwa mazoea ya miaka mitano, akapita katikati ya watu mpaka kwenye mashine ya sinema.

"Fundi, unaweza kurudisha pale anapokufa?"

Fundi alikuwa mtu wa Moshi, Kiiraqw hajui. "Imekupendeza, mzee?"

"Sana. Ila mke wangu yuko nyumbani, siku hizi haji penye watu. Nikamwite."

Wakamsubiri. Nusu saa nzima hakuna aliyetoka. Hhando alijaribu kuinuka. Antonia akamshika shati na kumrudisha kitini bila kumtazama.

Hyasinta akaingia amejifunika khanga, akasimama pale pale mlangoni, hataki kusogea. Bartolomeo akainuka kwenye kiti chake, kando ya mkwewe, akakipangusa kwa mkono.

"Njoo ukae hapa, mama," akamwambia. "Huku ndiko kunakosikika vizuri."